KISORYA HATUKOSI KAZI, TWAKOSA MAPATO

Hotuba ya mwenezi wa Chama kwa wanachama waliokusanyika Kisorya, Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara



Nimepewa nafasi niseme juu ya umaskini. Wazee mlioketi hapa mmesikia hotuba nyingi juu ya jambo hili, na wengine mlizisikia kabla mimi sijazaliwa. Tangu siku za TANU tuliambiwa kwamba adui zetu ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Sikuja kuwafundisha umaskini ulivyo. Mtu hangoji mgeni amwambie kwamba nyumba yake inavuja. Nimekuja kuwaomba jambo dogo: tuhesabu. Mimi nilisomea ualimu, na kitu kimoja nilichotoka nacho chuoni ni kwamba mtoto asiyejua kutoa na kugawanya, hata ukimpa shamba la urithi, wajanja watamla.

Kwanza yafaa tuondoe uongo mmoja. Wako watu huko mijini, na wengine wamo ndani ya Chama chetu, wasemao kwamba wananchi wa vijijini ni maskini kwa sababu ni wavivu. Mtu huyo aje Kisorya alale usiku mmoja. Wakati wa giza, mwezi usipoonekana, ataona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Alfajiri atawaona akina mama wamekwisha fika mwaloni na ndoo zao, maji yako kiunoni, wanapokea dagaa wapeleke kuanika. Jua likichomoza atawaona hao hao wakishika jembe shambani kwenye mihogo. Kando ya kivuko kiendacho Rugezi atawaona vijana wa bodaboda na akina mama wauzao chai na vitumbua, wakingoja abiria wa Ukerewe tangu kabla ya mapambazuko. Je, mvivu yuko wapi hapo? Ndugu zangu, Kisorya hakuna mtu asiyefanya kazi ila mgonjwa, mtoto mchanga na mzee aliyekwisha choka. Kazi tunayo. Tusichokiona ni mapato ya kazi hiyo.

Basi tuanze na hesabu ya taifa. Mwaka 2017 na 2018 Serikali ilifanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya kwa Tanzania Bara yote. Wataalamu walipiga hesabu kwamba mtu mzima, ili apate mahitaji ya lazima, alihitaji Shilingi 49,320 kwa mwezi. Katika fedha hiyo hesabu ya chakula pekee ilikuwa Shilingi 33,748. Aliyekuwa chini ya kiwango hicho ndiye aliyeitwa maskini wa mahitaji ya lazima. Wakaona kwamba katika kila watu 100, watu 26 na zaidi kidogo walikuwa maskini. Mjini walikuwa kama 16, vijijini walikuwa zaidi ya 31. Hali hii ilikuwa afadhali kuliko mwaka 2007, maana wakati ule maskini walikuwa zaidi ya watu 34 katika kila 100. Tusilikatae hilo. Mambo yaliyotendeka yametendeka, na mtu mkweli husema lililo jema kwanza.

Lakini tukumbuke mambo mawili. La kwanza, hizo ni bei za wakati ule, na kila mama aliyekwenda dukani tangu siku hizo anajua vitu vimepandaje. La pili, hesabu hiyo ni ya Tanzania Bara, siyo ya Kisorya. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,743,830 katika Mkoa wa Mara. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 2,372,015. Yaani katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya watu laki sita. Ardhi haikuongezeka, wala ziwa halikuongezeka. Shamba lililomlisha babu na wanawe watatu leo linagawanywa kwa wajukuu ishirini. Kijana akikosa shamba huenda ziwani, naye akifika ziwani huwakuta wenziwe wamekwisha jaa.

Sasa tuchukue mfano wa pamba. Tuseme kaya moja ina watu wanaohesabika sawa na watu wazima wanne. Kwa kiwango nilichotaja inahitaji Shilingi 197,280 kwa mwezi, yaani Shilingi 2,367,360 kwa mwaka. Tuseme wamelima ekari mbili za pamba wakapata kilo 300 kila ekari, jumla kilo 600. Msimu wa 2023 bei iliyotangazwa ilikuwa Shilingi 1,060 kwa kilo. Zidisheni: ni Shilingi 636,000. Gawanyeni kwa miezi kumi na miwili: ni Shilingi 53,000 kwa mwezi. Na bado hatujatoa gharama ya dawa, wala ya kulimisha, wala ya vibarua. Kaya nzima imeinama tangu mvua za kwanza hadi kuchuma, na pamba yote imemtosha mtu mmoja na chenji! Mihogo, mahindi na dagaa wa mboga navyo huhesabiwa, kwa hiyo kaya hiyo haifi njaa. Lakini karo, sare, daktari, sabuni na mabati havinunuliwi kwa mihogo ya kuchemsha.

Wazee wanajua kwamba hali hii haikuanza jana. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walipeleka mizigo yao kwa wanunuzi wenye mizani, na mizani ile ilikuwa ikisema uongo. Mkulima alijua mzigo wake kwa mgongo wake, lakini hakuwa na jiwe lake la kupimia. Walifanya nini? Hawakukaa chini wakalia. Waliweka watu wao wenyewe wanaojua kusoma mizani, wakapima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na kazi hiyo vyama vya ushirika vikaota kama uyoga, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, ambalo Ndugu Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Wakati ule ule serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU katika sehemu kubwa ya Jimbo hili, na kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1958. Chama kilikuwa kimefungwa mdomo, lakini mkulima alikwisha fumbuka macho, kwa kuwa alikuwa ameshika mizani mkononi.

Yaliyofuata pia yafaa yasemwe. Ushirika ule uliingiliwa na wezi wa ndani. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa kwa amri kutoka juu, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Baadaye likaja soko huria, kila mnunuzi na mizani yake. Mwaka 2018 pamba ikarudishwa inunuliwe kupitia vyama vya msingi, na mwaka 2019 wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa wakakaa miezi wakingoja fedha ya pamba waliyokwisha ipeleka. Funzo langu hapo ni moja. Awe mnunuzi mgeni, awe karani ndugu yetu, mtu asiyeulizwa hesabu huota meno.

Sasa twende ziwani, maana huko ndiko vijana wetu waliko. Mnajua hadithi ya sangara. Alitiwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960, akawameza furu na samaki wengi tuliowazoea, na kuanzia miaka ya 1980 akajaa katika maji yetu. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza na Musoma, na samaki wa mvuvi wa Kisorya akaanza kupanda ndege kabla ya mvuvi mwenyewe. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilipofunga soko lao kwa kuogopa samaki waliovuliwa kwa sumu, bei ikaanguka hata mwaloni kwetu, hata kwa yule ambaye hajapata kuishika sumu kwa mkono wake. Hivyo ndivyo alivyo mtu asiyetia neno katika bei. Jirani akikosea, yeye huadhibiwa; soko likinawiri, yeye huambiwa asante.

Lakini, ndugu zangu, leo sitaki tuisemee Ulaya peke yake. Kuisemea Ulaya ni rahisi, kwa maana Ulaya haipo katika mkutano huu. Nataka tuseme juu ya sisi wenyewe tulioko hapa.

Tuchukue mtumbwi mmoja wa dagaa. Desturi za kugawana hutofautiana, lakini mara nyingi hutolewa gharama kwanza, kinachobaki tajiri huchukua nusu, na wavuvi hugawana nusu nyingine. Hesabu nitakayotoa ni ya mfano tu, mtu asijitafute ndani yake. Tuseme giza moja limeleta dagaa wa Shilingi 1,200,000. Gharama za petroli, taa, chakula na ushuru ni Shilingi 400,000. Zinabaki 800,000. Tajiri anapata 400,000, na wavuvi wanne wanapata 100,000 kila mmoja. Sasa tuseme tajiri, au msimamizi wake, amesema kwa mdomo kwamba gharama zilikuwa 560,000. Zinabaki 640,000, na kila mvuvi anapata 80,000. Shilingi 20,000 za kila mtu zimezama, na hakuna aliyezisikia zikianguka majini. Je, mvuvi atajuaje? Hakuna karatasi. Hakuna stakabadhi. Kuna neno la tajiri tu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na katika hiyo 80,000 mvuvi hukatwa deni. Alipokuwa hana kitu wakati wa mbalamwezi alikopa unga kwa tajiri huyo huyo. Mtoto alipougua alikopa tena. Kwa hiyo hawezi kuhama mtumbwi, wala hawezi kuuliza. Zamani tulimwita bepari kupe, tukamchora magazetini na kofia na tumbo kubwa. Leo kupe anaweza kuwa ndugu yako wa ukoo mmoja, mnasali pamoja, mnazikana pamoja, na kadi yake ya Chama imelipiwa kuliko yako.

Simaanishi kwamba kila mwenye mtumbwi ni mwizi. Wapo walioanza kama wabeba nyavu, wakajinyima, na wapo wanaogawa kwa haki hata bila karatasi. Mtumbwi huvunjika, nyavu huibwa, injini hufa katikati ya ziwa; hasara hiyo ni ya tajiri peke yake, nayo yafaa iandikwe vile vile. Nasema hivi: aliye mwaminifu haogopi daftari, bali litamsafisha. Anayeliogopa ndiye tumwulize sababu.

Tena watazameni akina mama. Dagaa akianikwa juu ya mchanga huchukua mchanga, na mvua ikinyesha huoza, akaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Akianikwa juu ya vichanja hukauka upesi, huwa safi, na mnunuzi humtafuta. Kila mama hapa anajua jambo hili kuliko mimi. Kwa nini basi wengi bado wanaanika chini? Kwa sababu kichanja chataka miti na nyavu, miti na nyavu vyataka fedha, na fedha iliyo karibu ni ile mnayoiita kausha damu. Mtu anapewa 100,000, baada ya mwezi anadaiwa 130,000, na asipolipa huchukuliwa godoro na sufuria. Hakuna mchanga wala kichanja kitakachozaa faida ya kulipa riba ya namna hiyo. Jina la mikopo hiyo halikutungwa na mpinzani, limetungwa na wanaonyonywa.

Na watoto? Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Hapa hapa mkoani, mwaka 1974, TANU ilitoa Azimio la Musoma, likataka kila mtoto apate elimu ya msingi, na masomo yashikamane na kazi. Lakini giza likiingia, madawati ya wavulana huwa matupu, wapo ziwani. Na wasichana huwa mwaloni. Halikuwa azimio la kumfanya mtoto kibarua. Mzazi naye akiulizwa hujibu: Mwalimu, kijana wa jirani alimaliza, ana vyeti vitatu, mbona ameketi kivukoni? Jibu hilo lanichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilitoka chuo cha ualimu nikakaa nyumbani kwa muda mrefu nikingoja ajira, na mama yangu akawa ananigawia dagaa wa kuuza ili nipate nauli ya kwenda kwenye usaili. Sikuona aibu ya kuuza dagaa. Niliona aibu kwamba yeye alikuwa akijipunja ili mimi nionekane msomi.

Ndugu wanachama, kabla sijasimama hapa rafiki yangu mmoja alinishauri. Alisema: Ukisema juu ya matajiri wa mitumbwi, michango ya ofisi itakauka, maana hao ndio wanaotoa bati na saruji. Nilifikiri sana juu ya shauri lile, kwa kuwa ni kweli hao hutoa. Lakini nikajiuliza: ofisi yenye bati jipya, na wanachama wanaoogopa kuuliza hesabu ya jasho lao, ni ofisi ya nani? Ikiwa Chama chaweza kununuliwa kwa bando la mabati, basi wazee wetu walisumbuka bure kununua kadi kwa fedha ya pamba iliyopunjwa.

Kwa hiyo naomba mkutano huu utafakari mambo manne.

La kwanza, daftari la mtumbwi. Kila mtumbwi wa mwanachama uwe na daftari. Kila giza iandikwe dagaa waliouzwa, gharama, hasara, mgawo, na deni la kila mvuvi, na kila mmoja atie sahihi au dole. Asiyejua kusoma amchague mwenziwe amsomee. Tuanze na viongozi wa tawi wenye mitumbwi. Kiongozi asipotangulia, tusimwambie mwananchi afuate.

La pili, vichanja na kuuza kwa pamoja. Akina mama kumi wakiweka dagaa wao pamoja, mnunuzi wa Mwanza atakuja kwao, naye ataongea kwa adabu. Zipo fedha za halmashauri, asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, zinazokopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, kwa sababu mojawapo ikiwa vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024. Basi tusiwe na kikundi hewa hata kimoja Kisorya. Kikundi cha jina la shangazi, shemeji na marehemu ni wizi wa kichanja cha mama mwingine.

La tatu, orodha ya kaya maskini. Mpango wa TASAF unapohitaji orodha, majina husomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Lakini mkutano wenyewe huwa na watu wachache, na mnyonge wa kweli huwa hayupo; yuko shambani kwa mtu anapalilia apate unga. Naomba mabalozi wapite nyumba kwa nyumba kabla ya siku hiyo. Waandike nani anakula mlo mmoja, nani anawalea yatima, nani ana kiungo kibovu. Wasiulize kadi ya Chama. Njaa haina kadi.

La nne, mtoto arudi darasani. Mtumbwi utakaopakia mtoto wa shule, tuujue na tuuseme. Na sisi vijana wenye vyeti tunaongoja ajira, tusingoje tukiwa tumekunja mikono: tuwe makarani wa madaftari hayo, tuwasomee wavuvi hesabu zao, tuwafundishe jioni watu wazima wasiojua kusoma. Karani na alipwe kidogo kutoka mgawo wa mtumbwi, kama alivyolipwa yule msoma mizani wa pamba zamani.

Sisemi kwamba mambo haya manne yatapandisha bei ya pamba wala kuongeza samaki ziwani. Mambo hayo makubwa Serikali inadaiwa, nasi tutaidai. Lakini tutaidai kwa sauti gani, ikiwa sisi wenyewe hatuwezi kumwonyesha mvuvi wetu hesabu ya usiku mmoja? Mtu anayedai mizani ya haki kwa mnunuzi sharti awe nayo nyumbani kwake.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Sitaki makofi. Nataka giza lijalo, mitumbwi itakaporudi alfajiri, niende mwaloni na kalamu, nimkute mwenye mtumbwi wa kwanza aliye tayari kusema: Haya mwalimu, andika. Kama atakuwa mmoja tu, tutaanza na huyo mmoja.

Uhuru na Kazi!